Marekebisho ya Kikao cha Novemba

Albina Zoubek alikuwa na miaka sabini na minne, magoti mabovu, na mwandiko ambao hata padri aliuonea wivu. Tangu mwaka 1949 alikuwa katibu wa tawi la Nyota ya Dhahabu, chama cha kusaidiana cha Wacheki wa Nova Lhota, Nebraska, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemkuta amefuta neno kitabuni. Kufuta kulikuwa mwiko. Ukikosea, kosa linabaki palepale mpaka kikao kijacho. Mwenyekiti anauliza, "Kuna marekebisho?" Unasimama, unasema, mwenzako mmoja anakuunga mkono, watu wanapiga kura, ndipo sahihisho linaandikwa pembeni kwa wino. Wazee waliokianzisha chama walikuwa wabishi kupindukia, na waliamini kwamba mtu anayeweza kufuta neno leo atafuta shamba la jirani kesho.

Basi watu wa Nova Lhota walikuwa na usemi wao: "Kaandika Albina, yamekwisha." Ukibishana na shemeji yako kuhusu mwaka ambao ukumbi ulishika moto, mnakwenda kwa Albina. Ukitaka kujua nani alibeba jeneza la babu yako, ni kwa Albina. Mwanamke yule hakumpendelea mtu, hata mumewe. Siku moja walikuja kikaoni katika gari moja, yeye na Vojtech wake. Yeye akaingia, Vojtech akabaki nje akibishana na mtu kuhusu matairi ya trekta. Albina akamwandika: "Ndugu Zoubek, kachelewa." Na faini akalipishwa! Watu walicheka mpaka machozi, na Vojtech mwenyewe alicheka zaidi ya wote.

Mwaka ule wa 1987 wanachama walikuwa wamebaki tisa. Vijana walikata bima zao mjini kwa watu wenye tai, na ukumbi ulikuwa umeuzwa kwa mfanyabiashara wa mbegu. Jumapili kingefanyika kikao cha mwisho, cha kulivunja tawi. Jumatatu watu wa hifadhi ya nyaraka wangekuja kutoka Lincoln kuchukua vitabu, vikae huko milele, wasomi wavisome.

Kwa hiyo tangu Jumanne Albina alikuwa ukumbini peke yake, akipanga vitabu arobaini na kimoja katika maboksi ya tufaha. Alikuwa akifungua kimoja, anasoma kidogo, anacheka. Hapa Ndugu Kubik kaomba chama kimtumie watu wa kumwangalia mgonjwa, kumbe mgonjwa mwenyewe ni ng'ombe. Pale wanaume wamebishana jioni nzima kama bia ya mazishini ilipiwe na chama au na marehemu. Vyote alivifungua isipokuwa kimoja chenye jalada jekundu, cha zamu za wagonjwa, 1950 hadi 1955. Hicho alikitia ndani ya boksi la mwisho na kulaza kingine juu yake.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana mlango ukagongwa. Aliingia mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, kofia mkononi, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekatika nusu. Alikuwa Ernest, mtoto wa marehemu Matej Hajny, aliyehamia Omaha zamani na kufanya kazi ya kukata nyama kiwandani.

"Bi Albina! Bado uko hai?"

"Nife, halafu maboksi haya ayafunge nani? Wewe? Na vidole hivyo?"

Ernest akacheka, akaketi juu ya boksi bila kukaribishwa. Waliongea habari za mama yake, Barbora, waliyemzika mwezi wa nne. Kisha akaanza kuizungusha kofia yake.

"Nimekuja kwa jambo moja, mama. Unajua baba alipokufa mimi nilikuwa jeshini, Ujerumani. Nilifika keshazikwa siku kumi na moja. Mama alikuwa shambani kwenye mahindi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo. Kila nikilia, mama alikuwa ananiambia, nyamaza, baba yako hakufa peke yake, chama kilikuwa naye, imeandikwa. Sasa naambiwa vitabu vinakwenda Lincoln. Nataka nilione neno hilo kwa macho yangu."

Albina alilishika boksi la mwisho. "Vitabu ni vya wanachama tu, Ernest. Wewe hukujiunga."

"Jumatatu si vinakwenda kusomwa na dunia nzima?"

Albina aliinama, magoti yakalia, akakitoa kile chekundu. Hakuhitaji kuutafuta ukurasa. Ernest alisoma polepole kwa kidole, maana Kicheki chake kilikuwa cha mezani tu, si cha vitabuni. Alipofika kwenye maneno "Ndugu Vojtech Zoubek alikuwa zamu, akakaa naye mpaka mwisho," kidole kikasimama. Aliyarudia kwa sauti. Halafu mtu mzima yule, mchinja ng'ombe, akalia kama walivyo wanaume wasiozoea kulia, kwa kukohoa.

"Mungu amlaze Vojtech mahali pema," alisema. "Hakukuambia baba alikuwaje mwishoni? Kama aliumia?"

"Vojtech hakuwa mtu wa maneno," alijibu Albina.

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimchefua. Ernest alimbusu mkono, akasema atakuja Jumapili kuuona ukumbi wa baba yake kwa mara ya mwisho, akaondoka. Albina alibaki amesimama na kile kitabu kifuani, anajichukia.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa miaka thelathini na minne waliojua walikuwa wawili, na mmoja alikuwa kaburini.

Novemba ile ya 1953 Matej Hajny alikuwa amelala wiki tatu na kiharusi, hasemi wala hageuki. Chama kilimpangia zamu: kila siku ndugu mmoja akae naye kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na moja, ili Barbora na mabinti wawahi mahindi yao. Tarehe kumi na mbili zamu ilikuwa ya Vojtech. Alikuwa amekwisha kula, amevaa shati safi, anafunga vifungo. Albina alichungulia dirishani. Upande wa kaskazini-magharibi mbingu ilikuwa imekuwa na rangi ya risasi, na mahindi yao ya matela mawili yalikuwa bado yamesimama.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Hajny. Zamu yangu."

"Hajny anakufa wiki ya tatu leo. Hatakufa mchana huu. Mahindi kwanza, Vojtech."

Hayo ndiyo maneno yake. Wala hakuyasema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema usisahau kufunga lango. Vojtech alisita, akalivua lile shati, akalitundika nyuma ya mlango, wakaenda shambani wote wawili. Walivuna matela mawili mpaka mikono ikafa ganzi. Usiku ule theluji ilianguka kweli, na mahindi yao yalikuwa ndani.

Vojtech alifika kwa Hajny saa kumi na nusu. Matej alikuwa amekwisha kupoa. Vojtech aliketi kwenye kiti kando ya kitanda, kofia magotini, akalia, na hivyo ndivyo Barbora alivyomkuta aliporudi kutoka shambani. Akadhani alikuwa pale tangu saa saba. Nani asingedhani? Alimkumbatia, akamshukuru. Mwanamume yule mdomo wake ukawa mzito, na kila dakika aliyonyamaza ikawa uongo.

Alimwambia mkewe usiku uleule. Kesho yake Albina akakaa mezani na kalamu. Sheria ilikuwa wazi: aliyekosa zamu anaandikwa, na sababu inaandikwa. Sababu ilikuwa yeye. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kitabu kile, mwaka wa nne tu, na wazee kadhaa walikuwa wanasubiri ajikwae waseme, mwaona? Aliandika alichoandika. Kikao kilipokaa, mwenyekiti akauliza, "Kuna marekebisho?" Albina akatazama meza. Vojtech akatazama buti zake. Yakapita.

Nyinyi mngeandika nini? Ni rahisi kusema ukiwa hujashika kalamu.

Ila adhabu haikuchelewa. Kila mwaka, tarehe kumi na mbili Novemba, Barbora Hajny alikuja na sahani ya maandazi ya plamu na mbegu za popi, ya kumshukuru Vojtech. Hata mwaka ambao mafuriko yalibeba daraja alizunguka maili tisa akayaleta. Vojtech akisikia gari lake alikuwa anakimbilia banda la ng'ombe, na Albina ndiye aliyepokea sahani, akasema asante, Barbora, umejisumbua. Maandazi yale Vojtech hakuyagusa hata siku moja. Aliacha pia kukubali zamu za wagonjwa, na watu wakasema, maskini, kifo cha Hajny kilimwingia sana. Mara moja tu, mwaka 1961, akiwa anakamua, alimuuliza mkewe bila kugeuka: "Utalirekebisha lini?"

"Limeshaandikwa," alisema Albina.

Hakuuliza tena. Alikufa mwaka 1979, katibu amemshika mkono, hakukosa mtu wa zamu.

Usiku wa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi Albina hakupata usingizi wa maana. Hesabu yake ilikuwa fupi. Jumapili ndiyo siku ya mwisho. Nyundo ya mwenyekiti ikishagonga hakuna tena tawi, hakuna wa kuunga mkono wala wa kupiga kura, na uongo ule utakwenda Lincoln kukaa kwenye rafu kuwa kweli. Akisema, jina lake limekwisha, la Vojtech limekwisha, na yule mchinja ng'ombe atapoteza faraja pekee aliyokuwa nayo. Asiposema, kila "asante" ya Barbora itabaki imeibwa.

Jumapili walikuja wanachama wanane. Wa tisa alikuwa hospitali. Mwenyekiti alikuwa Ladislav Vrba, mwenye miaka themanini na mmoja, anayesikia kwa sikio moja na kulitumia kwa kuchagua. Ernest aliketi nyuma kabisa, kwenye benchi la wageni. Walianza kama walivyoanza siku zote: ndugu walipeana mikono, Albina akasoma kumbukumbu za kikao cha Septemba.

"Kuna marekebisho ya kumbukumbu?" aliuliza Ladislav, tayari anageuza karatasi.

"Ninayo," alisema Albina.

"Eeh? Ya Septemba?"

"Ya Novemba 1953."

Watu wakacheka. Otilie Kubik, aliyekuwa hampendi Albina tangu shule ya msingi, aliacha kufuma soksi yake. "Dada Albina," alisema Ladislav, "hiyo imechelewa kidogo. Ungeilipia faini."

"Nitailipa. Nisikilizeni, ndugu zangu, na msinikatize maana sitaweza kuanza tena."

Akasema yote. Alisema shati, alisema mbingu, alisema matela mawili ya mahindi. Maneno yake mwenyewe, "Hatakufa mchana huu," aliyasema vilevile kwa Kicheki. Alipomaliza alibaki amesimama. Hakuweza kutazama benchi la nyuma.

Ladislav aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. Safari hii alikuwa amesikia kila kitu. "Kaa chini, Albina," alisema taratibu, bila Dada, kama alivyomwita nje ya ukumbi. "Sote tuna mchana wetu kama huo. Matej kafa, Vojtech kafa, Barbora kafa. Nani anafaidika? Hoja haina wa kuiunga mkono, tuendelee na—"

"Umejitua mzigo," sauti ilisema kutoka nyuma.

Ernest alikuwa amesimama. Uso ulikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Mgeni hana ruhusa ya kusema," alisema Ladislav.

"Umejitua mzigo, Bi Albina, umenitwika mimi! Alhamisi nilikubusu mkono. Nimelala usingizi mzuri siku tatu, nilijua baba alikuwa na mtu. Leo sina. Umeniachia nini?"

Albina aligeuka, akamtazama. "Sina cha kukuachia," alisema. "Ningekuwa nacho ningekupa. Ninayo kweli tu, na nimechelewa nayo."

"Mahindi," alisema Ernest. "Baba yangu, na mahindi!"

"Ndiyo."

Ladislav aligonga nyundo, si kwa nguvu. "Ndugu zangu, mmesikia. Tuuache ukurasa ulivyo, kwa heshima ya marehemu na ya kijana. Hakuna aliyeunga mkono."

Na kweli hakuna mkono ulioinuka. Walimpenda Albina, na walikuwa wanamwokoa. Kila mmoja alitazama meza kama alivyoitazama yeye mwaka ule. Ndipo Ernest akaja mbele, anapita kati ya viti, hajali nyundo wala mwenyekiti.

"Mnangoja nini?" aliuliza. "Mnadhani nataka ukurasa ubaki hivyo? Nikafe na mimi nikiwa nimeshukuru kwa kitu ambacho hakikuwepo? Huyu ni baba yangu! Mmoja wenu anyanyue mkono, nawaomba. Mimi siruhusiwi."

Otilie Kubik aliiweka soksi yake kitini. "Naunga mkono," alisema. "Na msinitazame hivyo. Miaka sitini nimengoja nimwone Albina amekosea, leo nimemwona, na wala sijafurahi. Pigeni kura."

Mikono iliinuka mmoja mmoja, wa Ladislav ukiwa wa mwisho. Albina alilifungua boksi, akakitoa kitabu chekundu, akakaa. Aliandika pembeni, tarehe ya siku ile kwanza, kisha: "Ndugu Zoubek hakuwepo. Katibu, mkewe, alimzuia kwa ajili ya mavuno. Ndugu Matej Hajny alikufa peke yake." Akaweka sahihi. Ladislav akaweka ya kwake.

Ernest alikuwa amesimama begani pake, anasoma. Alinuka sabuni ya kiwandani. Alinyoosha kile kidole nusu, akakiweka mwanzoni mwa maandishi ya zamani.

"Na hii?"

Albina alisogeza miwani. Mstari wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wake wa ujanani, ulisema: "Amefariki saa tisa na nusu alasiri."

Alikuwa amesahau. Barbora alimuuliza Vojtech siku ile, alikata roho saa ngapi? Na Vojtech, ambaye hakuishuhudia hata dakika moja, akasema saa iliyomjia mdomoni.

"Mama aliniandikia saa hiyo jeshini," alisema Ernest. Hasira ilikuwa imemtoka, na bila hiyo alionekana mzee. "Miaka thelathini na minne, kila tarehe kumi na mbili Novemba, ikifika saa tisa na nusu, ninaweka kisu chini. Msimamizi alikuwa akipiga kelele mwanzoni, baadaye akazoea. Mstari mzima wa kazi kiwandani unasimama dakika moja, watu mia mbili, nyama zinaning'inia. Wote wanajua ni saa ya baba yake Ernest." Akamtazama Albina. "Ilikuwa saa ngapi, Bi Albina?"

"Sijui, mwanangu."

"Kati ya saa saba na saa kumi na nusu."

"Ndiyo. Zaidi ya hapo hakuna anayejua."

"Basi andika hivyo."

Ladislav alifungua mdomo kusema kwamba hoja hiyo nayo inahitaji kura, akaufunga. Albina alichovya kalamu. Pembeni mwa mstari wa kwanza, kwa herufi ndogo maana nafasi ilikuwa imekwisha, aliandika: "Saa haijulikani. Hakukuwa na mtu."